Lengelenge Juu ya Mfupa Uliovunjika: Liachwe au Litumbuliwe, Upasuaji Ufanywe au Usubiri?

Mtu anapovunjika kifundo cha mguu, macho ya wote huelekea kwenye picha ya eksirei, kana kwamba ngozi iliyoufunika mfupa ule haikuwamo katika ajali. Siku ya pili bandeji inapofunguliwa, huonekana malengelenge yaliyotuna juu ya uvimbe, mengine yakiwa na maji yanayong'aa na mengine yakiwa na rangi ya zambarau iliyokolea, na papo hapo huzuka maswali mawili: malengelenge haya yaachwe au yatumbuliwe, na upasuaji uliokwisha kupangwa ufanyike au uahirishwe? Majibu hutofautiana kati ya daktari na daktari, hata ndani ya wodi moja, na mgonjwa aliyeambiwa mambo mawili yanayopingana hubaki akiamini kwamba mmoja wao amekosea. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila mmoja anapima hatari tofauti, na makala haya yanaziweka njia hizo bega kwa bega ili mgonjwa, ndugu anayemuuguza na mhudumu anayebadilisha bandeji waelewe kila uamuzi unaleta faida gani na unadai nini.

Niseme mapema ninapoegemea. Wengi huhangaika na lengelenge lenyewe kwa sababu ndilo linaloonekana na kutisha, ilhali karibu maamuzi yote yanategemea ngozi iliyobaki chini yake: kama bado ina mbegu za kujiotesha upya, na itachukua siku ngapi kufanya hivyo.

Linavyotokea

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. Hulishwa na tabaka la ndani, ambalo ni nene na limebeba mishipa ya damu, neva, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Lengelenge hutokea matabaka hayo yanapoachana mpakani. Mfupa unapovunjika kwa nguvu, ngozi iliyo juu yake huvutwa na kupindwa kwa sekunde chache kupita uwezo wake, na gundi inayoshikanisha matabaka hayo mawili hulegea hata kama kwa nje hauonekani mchubuko wowote. Baada ya hapo huja uvimbe. Damu na majimaji hujaa mahali padogo, shinikizo hupanda, vena ndogo na mirija ya limfu iliyopaswa kuyaondoa majimaji hayo hubanwa, na seli za ngozi huanza kukosa oksijeni. Maji yaliyonaswa hutafuta pa kutokea, na mahali dhaifu kuliko pote ni ule mpaka uliokwisha kulegezwa na ajali.

Ndiyo maana malengelenge haya hayatokei ovyo mwili mzima. Huonekana hasa kwenye kifundo cha mguu, ncha ya chini ya muundi (mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti), kisigino, sehemu ya juu ya muundi karibu na goti, na kiwiko, yaani mahali ambapo mfupa uko chini tu ya ngozi bila mto wa misuli. Mizizi ya nywele na tezi za jasho nazo zina kazi yake hapa, kwa kuwa huchomoza kutoka juu na kuzama ndani kama vigingi vinavyolibana hema ardhini, na palipo na vigingi vichache hema hung'oka kwa urahisi. Paja likivunjika linaweza kuvimba kuliko kifundo cha mguu na lisitoe lengelenge hata moja.

Kwa kawaida malengelenge huchomoza kati ya saa 6 na siku 3 tangu kuumia, na mengi huonekana katika siku ya kwanza na ya pili. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1993 uliohusu wagonjwa waliolazwa kwa kuvunjika mifupa, yalionekana kwa takribani 3 kati ya kila 100. Hatari huongezeka nguvu ya ajali inapokuwa kubwa, kama kuanguka kutoka juu au kugongwa na gari, na pia kwa mtu mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mwenye shinikizo la juu la damu, au mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni. Kuchelewa kuurudisha mfupa uliohama mahali pake nako huchangia, kwa kuwa ncha ya mfupa inayoisukuma ngozi kutoka ndani huendelea kuinyima damu saa baada ya saa.

Maji yanayong'aa na damu

Huu ndio ulinganisho wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio wenye uzito kuliko yote yanayofuata. Lengelenge lenye maji yanayong'aa au ya manjano mepesi huwa limetuna na kukaza, na vipimo vya hadubini vimeonyesha kwamba matabaka hayakuachana kabisa: juu ya tabaka la ndani bado kuna visiwa vya seli za tabaka la juu. Visiwa hivyo ndivyo mbegu. Kutoka kwenye kila kisiwa seli mpya hutambaa pande zote hadi zikutane, na ngozi hujifunika tena bila kulazimika kusubiri seli zisafiri kutoka ukingoni.

Lengelenge lenye damu ni habari nyingine. Mara nyingi huwa limelegea zaidi, rangi yake ni nyekundu iliyoiva au zambarau, na chini yake matabaka yameachana kabisa, tabaka la ndani likiwa limebaki tupu na mishipa yake midogo ikiwa imepasuka. Jeraha limekwenda chini zaidi, mbegu ni chache au hazipo, na kupona huanzia zaidi kwenye kingo. Watafiti waliofuatilia aina hizi mbili katika miaka ya 1990 walikuta kwamba lengelenge la maji lilifunikwa na ngozi mpya kwa wastani wa siku 12 hivi, na la damu kwa wastani wa siku 16. Siku 4 zaweza kuonekana chache kwenye karatasi, lakini kwa daktari anayehesabu siku kabla ya vipande vya mfupa kuanza kushikana vibaya, ni nyingi.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili kwenye mguu mmoja, wakati mwingine zikigusana, na lililoanza kwa maji linaweza kugeuka jekundu baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo maelezo ya kwamba "ana malengelenge" hayatoshi kwenye faili. Yafaa iandikwe ni ya aina gani, yako upande gani wa kiungo, yana upana gani, na yalionekana saa ngapi; picha iliyopigwa kwa simu kwa ridhaa ya mgonjwa na kuwekewa tarehe husaidia kuliko aya nzima ya maneno, hasa zamu zinapobadilishana.

Yanayofanana nayo

Kabla ya kuchagua tiba ni lazima kuhakikisha kwamba lengelenge ni la mvunjiko kweli. Plasta iliyofungwa vibaya inaweza kusugua ngozi na kutoa lengelenge, na plasta hutoa joto inapokauka, kwa hiyo ikilowekwa kwenye maji ya moto au ikifungwa nene mno inaweza kuunguza. Malengelenge hayo hukaa hasa pale plasta inapogusa au inapobana, na tiba yake huanza kwa kuiondoa. Gundi ya plasta ya kubandika nayo huweza kung'oa tabaka la juu ngozi ikiwa imevimba chini yake, na hapo umbo la lengelenge hufuata mstari wa ukingo wa plasta hiyo.

Mambo mawili hayaruhusu kusubiri. La kwanza ni shinikizo kupanda ndani ya vyumba vya misuli, yaani mafungu ya misuli yaliyozungushiwa utando usiotanuka, hadi damu ishindwe kupita. Dalili yake kuu ni maumivu makali kupita kiasi, yasiyotulizwa na dawa, ambayo huzidi vidole vya mguu au vya mkono vinaponyooshwa na mtu mwingine. Ganzi na misuli kuwa migumu kama ubao hufuata. Malengelenge na hali hii huzaliwa na mama mmoja, yaani uvimbe, na kuwepo kwa malengelenge kusiwafanye wahudumu waamini kwamba maumivu yote yanatoka kwenye ngozi. La pili ni maambukizi mazito yanayokula nyama chini ya ngozi, ambayo huweza kutoa malengelenge yenye rangi ya damu pamoja na homa, kuchoka sana na wekundu unaosambaa kwa kasi. Katika hali zote mbili uamuzi ni upasuaji wa dharura, na ulinganisho unaoendelea hapa chini hauhusiki.

Kuliacha au kulitumbua

Hoja ya kuliacha ni nyepesi kueleza. Maji yaliyomo ndani ya lengelenge zima hayana bakteria, na ngozi iliyolifunika, hata kama imekufa, ni bandeji bora ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga sawasawa: inakaa bila gundi, inatunza unyevu, inakinga neva zilizo wazi dhidi ya hewa, na kwa hiyo inapunguza maumivu. Likishapasuka, bakteria wa kawaida wa ngozi huhamia ndani haraka na kukaa humo mpaka ngozi mpya itakapojifunga. Anayeliacha anahitaji tu shashi kavu isiyobana, kiungo kilichoinuliwa, na mtu wa kulikagua kila siku. Gharama ni ndogo na kazi ni ndogo.

Udhaifu wa njia hii huonekana lengelenge linapokuwa kubwa au likiwa mahali litakapopasuka lenyewe. Lililo nyuma ya kisigino, au chini ya mkanda wa gango (kifaa kigumu cha kuushikiza mfupa), halitafika mwisho wa juma likiwa zima, na likipasuka usiku chini ya bandeji ambayo haitafunguliwa mpaka asubuhi, jeraha litakuwa limelala kwenye majimaji bila mtu kujua. Zaidi ya hayo, maji yanayoendelea kuongezeka huweza kusukuma ukingo wa lengelenge na kulipanua.

Njia ya kati ni kuyavuta maji kwa sindano safi ukingoni mwa lengelenge, kisha kuiacha ngozi yake ilale juu ya jeraha kama kifuniko. Shinikizo hupungua na kifuniko hubaki. Wanaoipenda njia hii husema inakusanya uzuri wa pande zote mbili. Mimi naiona inafaa kwa lengelenge la maji lililokaza sana na linalouma, mikononi mwa mtu aliyezoea kufanya kazi bila kuchafua, ingawa tundu la sindano ni mlango, hata likiwa dogo, na mara nyingi lengelenge hujaa tena baada ya muda mfupi.

Njia ya tatu ni kuondoa paa lote la lengelenge, kulisafisha jeraha na kulifunika. Anayechagua njia hii anakubali kwamba kinga ya asili imeondoka, na anajifunga kuiweka nyingine mahali pake. Faida yake ni kwamba kitanda cha jeraha kinaonekana, hakuna maji yaliyofichika, dawa inafika panapotakiwa, na daktari anaweza kusema kwa uhakika ni siku gani ngozi mpya imefunika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza utaratibu wa namna hii, ambapo malengelenge yalifunguliwa na kupakwa krimu ya kuzuia bakteria iitwayo silva salfadiazini mara 2 kwa siku hadi ngozi mpya ilipofunika, na wengi wa wagonjwa walipona vizuri. Waliosumbuka zaidi walikuwa wenye kisukari. Ubaya wake ni kazi. Bandeji ya kubadilishwa mara 2 kila siku inahitaji muuguzi, vifaa safi, na mgonjwa anayevumilia, na pale ambapo jambo mojawapo kati ya hayo halipatikani, lengelenge lililofunguliwa ni hatari kuliko lililoachwa.

Je, sayansi imetoa mshindi? Mwaka 1995 madaktari Giordano na Koval walichapisha ufuatiliaji wa visa 53, wakilinganisha kuvuta maji, kuondoa paa na kupaka dawa au kufunika kwa bandeji isiyonata, na kuliacha lengelenge lilivyo. Hawakukuta tofauti ya maana katika matokeo. Visa 53 si vingi, na matokeo ya namna hiyo hayathibitishi kwamba njia zote ni sawa kwa kila mtu, lakini yanatosha kumtuliza mgonjwa ambaye jirani yake wa kitanda ametibiwa tofauti. Kwa kuwa tofauti ya matokeo ni ndogo, naona ni haki kuamua kwa kuangalia mazingira: lengelenge dogo lililo mbali na mahali pa kupasulia liachwe, lile kubwa lililo mahali pa msuguano, au lililokwisha kupasuka lenyewe, lifunguliwe kwa utaratibu hospitalini na kutunzwa, na mtu aliye nyumbani asilitumbue kwa vyovyote vile, hata kwa pini iliyopitishwa motoni.

Kuhusu cha kufunikia, uchaguzi ni mwepesi kuliko unavyofanywa. Shashi yenye jeli ya petroli hainati, ni rahisi, na inaweza kukaa siku moja au mbili. Krimu ya silva salfadiazini huzuia bakteria, lakini hujenga utando mweupe unaoficha jeraha na unaoweza kudhaniwa kuwa usaha, na haimfai mwenye mzio wa dawa za jamii ya salfa, mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mtoto mchanga. Bandeji zinazotunza unyevu hukaa siku kadhaa bila kuguswa, jambo linalompunguzia mgonjwa maumivu, ila bei yake ni kubwa zaidi. Shashi kavu iwekwe juu ya lengelenge zima tu. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya jeraha lililo wazi itanata, na siku ya kubanduliwa itang'oka pamoja na seli changa zilizokuwa zikitambaa. Vidonge au sindano za antibiotiki kwa ajili ya lengelenge zima peke yake havina kazi.

Upasuaji wa mapema au wa kusubiri

Hapa ndipo lengelenge linapogeuka kutoka kuwa kero ya ngozi na kuwa kizuizi cha matibabu ya mfupa. Daktari anayepasua kupitia ngozi iliyojeruhiwa hukabiliwa na hatari ya kidonda kutofunga, kingo kufa, na bakteria kufika kwenye vyuma alivyoviweka kuushikilia mfupa. Chuma kilichopata maambukizi huweza kudai upasuaji mwingine, na kwenye kifundo cha mguu, ambako nyama ya kufunikia ni haba, huweza kuishia kwa hasara kubwa kuliko mvunjiko wenyewe.

Upasuaji wa mapema una dirisha lake, nalo ni fupi. Ukifanyika katika saa za kwanza, kabla ya uvimbe kukomaa na kabla malengelenge hayajachomoza, una faida mbili: vipande vya mfupa bado vinasogezeka kwa urahisi, na damu iliyoganda ndani ikiondolewa shinikizo hushuka, hivyo malengelenge huwa machache. Utafiti ule wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 24 walipata malengelenge kwa uchache kuliko waliocheleweshwa. Lakini dirisha hilo linahitaji mgonjwa aliyefika mapema, chumba cha upasuaji kilicho tayari, daktari mwenye uzoefu wa mvunjiko huo, na picha zote muhimu. Pasipo hayo yote, haraka huwa ya kubahatisha.

Dirisha likifungwa, kusubiri ndiko kwenye busara. Kwa mivunjiko mizito ya ncha ya chini ya muundi, madaktari walijifunza kwa uchungu kwamba kupasua katika siku za kati, mguu ukiwa umevimba kama gogo, kulileta idadi kubwa ya vidonda vilivyooza. Tangu miaka ya 1990 utaratibu wa hatua mbili ulienea, ambapo kwanza kiungo hushikizwa kwa fremu ya nje, kisha upasuaji kamili hufanywa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, au zaidi. Alama inayongojwa ni mikunjo ya ngozi. Uvimbe unapoisha, ngozi iliyokuwa imenyooka na kung'aa hurudi kuwa na mistari midogo, hasa kiungo kinapokunjwa kidogo, na daktari akiiona mistari hiyo hujua kwamba ngozi inaweza kukatwa na kushonwa bila kuvutwa. Kwa upande wa lengelenge, alama ni ngozi mpya ya rangi ya waridi iliyofunika kitanda chote bila kutoa unyevu.

Kusubiri nako kuna kikomo. Baada ya wiki 3 hivi, mfupa unakuwa umeanza kujenga gamba jipya, damu iliyoganda imekuwa tishu ngumu, na kurudisha vipande mahali pake kunakuwa kazi ya kubomoa na kujenga upya. Kwa kisigino hasa, wengi hujitahidi kutovuka muda huo. Pia kuna gharama zisizoonekana kwenye eksirei: siku nyingi kitandani huongeza hatari ya damu kuganda kwenye vena za mguu, misuli hunywea, na familia hubeba mzigo wa kumuuguza mtu ambaye bado hajaanza kupona. Mgonjwa anayelalamika kwamba "wananiweka tu bila kunitibu" anastahili kuelezwa kwamba kusubiri huko ni sehemu ya tiba na kuna jambo linalotazamwa kila siku.

Zipo hali ambazo mizani haihitajiki. Mfupa uliotoboa ngozi, mshipa mkubwa wa damu uliokatika, kiungo kilichoteguka kisichorudi, na lile shinikizo la vyumba vya misuli hupasuliwa bila kujali malengelenge. Na pale ambapo ni lazima kupasua ilhali malengelenge bado yapo, daktari hujaribu kuhamisha mahali pa kukata. Kukata kupitia lengelenge la maji si jambo jema, ila wengine hulifanya wakilazimika na mara nyingi kidonda hufunga. Kukata kupitia lengelenge la damu huepukwa kwa kila njia, kwa sababu matatizo ya vidonda yaliyoripotiwa yamehusishwa zaidi na aina hiyo.

Namna ya kuushikiza mfupa wakati wa kungoja

Plasta ya kuzunguka kiungo chote, ambayo wengi huiita hogo, haifai katika siku za kwanza. Haina nafasi ya uvimbe, inaficha ngozi, na lengelenge litakalotokea chini yake litajulikana kwa harufu kabla ya kujulikana kwa macho. Gango la upande mmoja lenye pamba ya kutosha ni bora zaidi, kwa kuwa linafunguliwa na kufungwa, nalo linatosha kwa mivunjiko iliyotulia. Tatizo lake ni kwamba kila linapofunguliwa ili ngozi ikaguliwe, mfupa usiotulia hucheza, na kila unapocheza uvimbe huongezeka.

Kuvuta kwa uzito kupitia pini ya kisigino hudumisha urefu wa mguu na huacha ngozi wazi, lakini humfunga mgonjwa kitandani. Fremu ya nje hutumia pini zilizopenya mfupa mbali na mahali palipovunjika na kuunganishwa nje kwa fito. Mfupa hutulia, ngozi yote huonekana, mguu unaweza kuning'inizwa bila kisigino kugusa godoro, na mgonjwa anaweza kuinuka. Kwa mvunjiko usiotulia wenye malengelenge mengi, sioni njia inayoishinda. Hata hivyo inahitaji upasuaji wake mdogo, matundu ya pini huweza kuota usaha yasipotunzwa, na pini zisichomwe mahali ambapo baadaye vyuma vya kudumu vitapita.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kuinua kiungo hakuna mbadala. Mguu uwekwe juu ya mito hadi kisigino kipite kidogo usawa wa moyo, isipokuwa pale daktari anapohofia shinikizo la misuli, ambapo huwekwa usawa wa moyo tu ili damu isishindwe kupanda. Barafu husaidia katika siku za kwanza ikiwa imefungwa kitambaani na kuwekwa kwa dakika chache kwa zamu. Haifai moja kwa moja juu ya lengelenge, wala kwa mtu ambaye kisukari kimemwondolea hisia za miguu. Sigara iachwe kabisa kwa muda wote wa kupona, kwa kuwa hubana mishipa midogo ile ile ambayo ngozi mpya inaitegemea.

Atakayerudi nyumbani kungoja siku ya upasuaji ahakikishe anajua mambo machache kabla ya kutoka: lengelenge lake ni la maji au la damu, bandeji itafunguliwa na nani na lini, na ni simu gani ataipiga likipasuka. Arudi hospitalini bila kungoja miadi akiona maji yamegeuka mazito na yenye harufu, wekundu unapanda kupita mipaka ya jana, homa imeanza, vidole vimekuwa baridi au vya bluu, au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Likipasuka bila dalili hizo, alioshe taratibu kwa maji safi, aiache ngozi iliyolegea ilale mahali pake, afunike kwa shashi safi isiyonata, kisha apige simu hiyo siku ileile, kwa sababu tarehe ya upasuaji wake huenda ikabadilika.

Makovu hutofautiana kama malengelenge yenyewe. Lililokuwa na maji kwa kawaida huacha doa la rangi tofauti linalofifia kwa miezi, huku lililokuwa na damu likiweza kuacha kovu la kudumu, ngozi nyembamba inayochubuka kwa urahisi, na wakati mwingine ganzi kidogo. Mwenye kisukari apewe siku za ziada kabla ya kukatwa, hata kama ngozi yake inaonekana imefunika kwa tarehe iliyotarajiwa, na nyuzi zake zisiharakishwe kutolewa.